Kabla ya dabi, mpeleke mtoto Kariakoo akajaribu jezi

Ikibaki siku moja Simba na Yanga zikutane, Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, haupitiki. Jezi zimetundikwa milangoni mwa maduka, kwenye miavuli ya wamachinga na mabegani mwa vijana wanaozunguka nazo. Nyekundu na nyeupe za Simba, kijani na njano za Yanga. Vuvuzela zinalia, na muuza maji ya baridi anapenya katikati ya watu akiwa na ndoo kichwani.

Hapa ndipo nyumbani kwa timu zote mbili. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba ikafuata mwaka 1936. Makao makuu ya Simba yapo mtaa huu huu wa Msimbazi, na ya Yanga yapo Jangwani, mwendo mfupi kwa miguu. Ndiyo maana mechi yao huitwa Dabi ya Kariakoo, ingawa kwa kawaida huchezwa Temeke, kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa unaoingiza watu 60,000.

Katikati ya msongamano huo, baba mmoja amemshika mkono binti yake wa miaka minane. Msimu uliopita alimpeleka uwanjani kwa mara ya kwanza, wakaondoka wakati wa mapumziko. Mtoto alijikuna shingo na makwapa tangu kwenye foleni, kichwa kikaanza kumuuma, na walipofika nyumbani mgongo wote ulikuwa umejaa harara. Tangu siku hiyo akiambiwa habari za uwanja hujibu, "Nitaangalia kwenye TV."

Jezi ile baba aliinunua peke yake akitoka kazini, kwa kukadiria kwa macho. Safari hii amekuja na mwenye mwili.

"Shikamoo," mtoto anamwamkia muuzaji.

"Marahaba, binti. Kaka, chukua hii ya miaka 12, avae mpaka akue."

Wazazi wengi hushawishika hapo. Lakini jezi inayofika magotini humkwaza mtoto kwenye ngazi za uwanja, na ikilowa jasho huwa nzito na kumng'ang'ania mwilini. Inayobana nayo huzuia hewa kupita. Kipimo ni rahisi: anyanyue mikono yote juu, achuchumae, ageuze shingo kushoto na kulia. Vidole viwili vya mzazi vipite bila shida kati ya kola na shingo, na kwapani pasivute.

Baba anaigeuza jezi nje ndani na kupitisha kiganja kwenye mishono. Lebo ya shingoni ni ngumu, na uzi uliokatwa vibaya unachoma kama mwiba mdogo. Ndani ya kifua, nembo na jina la mdhamini vimebandikwa kwa plastiki nene. Sehemu hiyo haipitishi jasho wala hewa, na ndipo harara hupenda kuanzia.

Jezi nyingi za mpira ni za poliesta. Kitambaa hicho chenyewe si kibaya. Kikiwa chepesi na chenye vitundu, husambaza jasho hadi nje ya nguo, likakauka haraka na kuupoza mwili. Kikiwa kizito kama turubai, joto hubaki ndani. Pamba ni laini kwa ngozi, lakini hunywa jasho na kukaa mbichi kwa muda mrefu. Kwa mtoto mwenye ngozi inayowasha upesi, fulana nyembamba ya pamba chini ya jezi inaweza kumsaidia, mradi iwe nyembamba kweli na abebewe nyingine ya kubadilisha.

Rangi nayo ina kazi. Nguo nyeusi au iliyokoza hufyonza joto la jua kuliko nyeupe au njano. Bahati nzuri, kila timu ina jezi ya rangi nyepesi, hivyo mtoto hahitaji kuhama klabu ili apate nafuu.

Na lipo suala la orijino na feki. Orijino huipatia klabu mapato, lakini nayo ikimkwaruza mtoto, bado si jezi yake.

Haya yote yana uzito kwa sababu ya kinachowasubiri Temeke. Mechi ikiwa saa 11 jioni, familia nyingi hutoka nyumbani mchana, jua likiwa kali na hewa ya Dar es Salaam ikiwa na unyevu mwingi kiasi kwamba jasho halikauki upesi. Mtoto hutoa jasho kidogo kuliko mtu mzima, hivyo kwenye joto kali mwili wake unaweza kupoa kwa shida. Akinogewa na mpira, hakumbuki hata kuomba maji. Akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, asiambiwe avumilie mpaka filimbi ya mwisho. Atolewe kivulini, jezi ivuliwe, apewe maji kidogo kidogo na apanguswe kwa kitambaa kilicholoweshwa. Akichanganyikiwa au kuzimia, asilazimishwe kunywa, apelekwe kwa watoa huduma ya kwanza au hospitali mara moja.

Usiku wa kuamkia mechi jezi mpya ifuliwe, kwa kuwa rangi na dawa za kiwandani zinazobaki kwenye kitambaa huweza kuwasha ngozi. Igeuzwe nje ndani, ifuliwe kwa maji ya baridi, isisuuzwe kwa dawa ya kulainisha nguo, maana huziba uwezo wa kitambaa kusambaza jasho. Ianikwe kivulini. Asubuhi itakuwa imekauka.

Pale Msimbazi, mtoto amefika jezi ya nne. Ni ya rangi nyepesi, lebo yake imechapwa kwenye kitambaa chenyewe, na mabega yamekaa mahali pake. Ananyanyua mikono na kupiga kelele, "Gooo!" Vijana waliosimama karibu wanamshangilia. Anachuchumaa, anasimama, hajikuni.

"Hii je?" baba anauliza.

"Hii naweza kukaa nayo."

"Mpaka mpira uishe?"

Mtoto anafikiri kidogo. "Mpaka mpira uishe, baba. Lakini tubebe maji."