Pasta Alipopika Pasta



Juzi mke wangu aliweka WhatsApp picha yangu nikiwa nimejifunga leso kiunoni, nimesimama mbele ya meko. Mmoja wenu akaniandikia: "Pasta, kumbe siku hizi unapika pasta?" Nilicheka sana. Jibu ni ndiyo, ninapika. Tena pasta yenyewe ni ya kamba na krimu, chakula ambacho ukikitaja hapa Masii watu wanakuangalia mara mbili. Wakamba na kamba wapi na wapi? Sisi ni watu wa isyo na muthokoi. Lakini kaa nami dakika chache leo, mpendwa, kwa sababu nyuma ya hiyo picha kuna toba.

Binti yetu wa kwanza alipomaliza kidato cha nne, mimi nilikuwa nimeshampangia chuo cha ualimu. Yeye akasema anataka kusomea mapishi ya hoteli. Tulivutana miezi kadhaa. Kisha Jumapili moja, tukiwa mezani na wazee wa kanisa, nikasema kwa sauti kwamba sikuuza ng'ombe kumsomesha mtoto ili aende Pwani kuwabebea watu sahani. Wageni walicheka. Yeye hakucheka. Alikusanya vyombo, akaenda kuviosha, na hakunijibu neno.

Alienda kusoma. Mama yake alimlipia karo kidogo kidogo kutoka kwa pesa za kuku na maembe, na mimi nilijifanya sioni. Akamaliza, akapata kazi jikoni katika hoteli moja Malindi. Alikuwa akimpigia mama yake kila juma. Mimi nilikuwa napata salamu za kupitishwa: "Baba umesalimiwa." Miaka miwili, mpendwa, nilikuwa baba wa salamu za kupitishwa, na kila Jumapili nasimama madhabahuni kuhubiri upatanisho.

Desemba akaja nyumbani. Alisafiri usiku kutoka Pwani, akashukia Kyumvi alfajiri, akapanda matatu hadi hapa, na magotini alikuwa amebeba kasha la barafu. Ndani yake mlikuwa na kamba. Jioni hiyo aliingia jikoni, na haikupita nusu saa akatoka na sufuria iliyonukia kitunguu saumu na siagi hadi nje kwenye maembe. Akanipakulia mimi wa kwanza.

Nikaangalia ile sahani. Nikasema, "Mambo ya Walawi kumi na moja. Visivyo na mapezi wala magamba, mimi sili." Nikaomba niletewe ugali na kabeji.

Hebu nikuambie ukweli. Mimi nakula nyama ya nguruwe. Wengi wenu mmeniona nikiila kwenye harusi zenu. Walawi kumi na moja haikuwahi kunizuia chochote mpaka siku hiyo. Nililichukua Neno la Mungu nikalitumia kama ngao, nisiguse kazi ya mikono ya mtoto wangu.

Usiku nikipita karibu na jikoni nikamsikia akimwambia mama yake, "Nilidhani akionja ataona ninachofanya." Basi. Hakulia, hakulalamika. Asubuhi ya tatu akapanda gari akarudi kazini.

Januari nilikuwa nimepanga kuhubiri Matendo ya Mitume sura ya kumi. Unaijua habari hiyo. Petro yuko Yafa juu ya dari, ana njaa, anaona kitu kama shuka kubwa ikishuka imejaa wanyama wa kila namna. Anaambiwa ale. Anakataa, na anakataa kwa heshima kabisa, kwa sababu za dini. Mara tatu. Nilipokuwa nikiandaa ujumbe, nikafika pale Petro anaposimama nyumbani kwa Kornelio na kueleza alichofundishwa. Petro hasemi kwamba Mungu amemfundisha habari za nyama. Anasema amefundishwa asimwite mtu yeyote najisi. Habari ya chakula ilikuwa habari ya mtu.

Kalamu ilinianguka. Niliyemkataa Desemba alikuwa mtu, na mtu huyo ana pua yangu.

Wiki hiyo nikaanza kusoma kuhusu hao kamba, labda kwa kutafuta njia ya kuanza mazungumzo. Nikajifunza jambo lililoninyamazisha. Kamba wachanga hukulia kwenye mikoko na midomo ya mito, mahali maji ya chumvi yanapokutana na maji matamu yenye tope. Ndiyo maana ghuba ya Ungwana, kutoka Malindi hadi Kipini, inajulikana kwa kamba: Mto Tana unaingia baharini huko, na Mto Sabaki pia. Sasa huo Sabaki ni mto gani? Huko juu unaitwa Galana. Na juu zaidi unaitwa Athi. Ni Athi yetu hii, unaopokea maji ya Machakos na Makueni. Mvua ikinyesha Masii na mtaro wa shamba ukapasuka, ule udongo mwekundu unaouona ukikimbia barabarani, sehemu yake husafiri hadi ukaifanya bahari ya Malindi kuwa ya rangi ya chai.

Kwa hiyo kile nilichokiita kitu cha kigeni kilikulia kwenye maji yanayotoka kwetu. Na binti yangu pia, hata akivaa kofia ya mpishi kando ya bahari, ni udongo wa hapa hapa. Upole wa mikono yake aliutoa kwa nyanya yake, aliyekuwa akipepeta muthokoi bila kumwaga punje.

Nikachukua simu. Nikampigia mwenyewe.

Alipokea akiwa na hofu. "Baba? Kuna nini? Nani mgonjwa?"

Mpendwa mzazi, kama mtoto wako akiona jina lako kwenye simu anadhani kuna msiba, kaa chini ujiulize. Nikamwambia, "Hakuna mgonjwa. Nataka unifundishe kupika wale kamba." Akanyamaza muda mrefu hata nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Baba, una kalamu?"

Nilichoandika ndicho hiki, na nakupa kama nilivyopewa.

Kwa watu watano, tafuta kilo moja ya kamba wenye maganda. Wakiwa wa barafu, waweke kwenye maji baridi mpaka walegee, usiwamwagie maji moto. Toa kichwa na ganda, kisha pasua mgongo kidogo kwa kisu na utoe ule mshipa mweusi, huo ni uchafu wao. Wakaushe kwa kitambaa safi. Wakiwa na maji watachemka badala ya kukaangika.

Chemsha nusu kilo ya spageti kwenye maji mengi yenye chumvi. Ziive lakini zisilegee. Kabla ya kuchuja, chota kikombe kimoja cha yale maji uyaweke kando. Hapo alinirudia mara mbili: "Baba, usimwage maji yote!" Yana wanga, nayo ndiyo yatakayoshikanisha mchuzi.

Kwenye kikaango, yeyusha vijiko viwili vya siagi. Weka kamba kwa moto wa kutosha, dakika moja na nusu hivi kila upande. Wakibadilika kuwa wekundu wa waridi na kujikunja kama herufi C, watoe. Wakijikunja mpaka mkia ukutane na kichwa, umechelewa.

Kwenye kikaango hicho hicho weka punje nne za kitunguu saumu zilizopondwa, koroga nusu dakika tu zisiungue. Punguza moto. Mimina kikombe kimoja cha krimu. Kama huna krimu ya dukani, tumia ule utando mzito unaokaa juu ya maziwa ya ng'ombe wako; ukitumia huo, ongeza siagi kidogo. Weka pilipili manga, chumvi, na maji ya spageti kidogo kidogo mpaka mchuzi ushike kijiko. Rudisha spageti, rudisha kamba, geuza, zima moto. Kamulia limau, nyunyiza dania. Kutoka kuwasha moto hadi kupakua ni kama dakika ishirini na tano. Kama mwili wako hukataa vyakula vya baharini, usijaribu imani yako hapo, tumia kuku.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilimwomba ndugu mmoja anayeendesha lori la Mombasa aniletee kilo moja, na bei yake ilikuwa karibu ya kilo mbili za ng'ombe. Nikaogopa wasiive, nikawaacha dakika kumi. Wakawa kama mpira wa viatu. Watoto walitafuna kwa upendo. Mke wangu, ambaye huniita "Mchungaji" akiwa amenikasirikia tu, alisema, "Baba watoto, jaribu tena." Nikajua Mungu anafanya kazi.

Agosti binti akapata likizo. Nikawaalika wale wazee wale wale waliokuwa mezani siku ile. Aibu niliyompa mbele ya watu sikutaka kuiombea msamaha chumbani. Nikamwambia akae na wageni. Nikajifunga leso nikaingia jikoni.

Nilipokuwa chuo cha Biblia, mwalimu wetu alituonyesha kwamba neno la Kiyunani la moto wa makaa, anthrakia, linapatikana mara mbili tu katika Agano Jipya lote, na mara zote mbili ni katika Injili ya Yohana. Sura ya kumi na nane, Petro anaota moto wa makaa huku akimkana Bwana. Sura ya ishirini na moja, Bwana aliyefufuka yuko ufuoni, amewasha moto wa makaa, na juu yake kuna samaki. Nililiandika kwa ajili ya mtihani nikafaulu. Nimelielewa mwaka huu. Yesu alimrudisha Petro kwenye harufu ile ile ya mahali alipoangukia. Tena angalia mpangilio: kwanza alipika, akawalisha. Maswali ya upendo yalikuja baada ya kula.

Mimi ndiye niliyekana, kwa hiyo mimi ndiye niliyepaswa kuja kulishwa. Lakini nilijifunza kutoka kwa Bwana jinsi ya kurudi: rudi pale pale ulipoangukia, na usirudi mikono mitupu.

Tulipomaliza kula, nikasimama. Nikasema mbele ya wazee, "Mezani hapa niliidharau kazi ya binti yangu, nanyi mlisikia. Nilikosea. Leo nimebeba sahani mimi mwenyewe, na nimeona ni kazi ya heshima. Mwanangu, nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Yeye aliangalia sahani yake muda mrefu. Kisha akasema, "Nimesikia, Baba." Akangoja kidogo, akaongeza, "Kamba wameiva vizuri. Chumvi imepungua."

Sitakudanganya kwamba miaka miwili iliisha kwa sahani moja. Haikuisha. Kuna mambo bado tunayazungumza polepole. Lakini siku hizi simu yangu inalia Jumapili jioni, na anayeitwa si mama yake.

Mpendwa, labda kwako wewe si binti. Labda ni kaka uliyemdharau kwa kazi yake, au mkwe ambaye chakula chake hukigusi, na umejifunika kwa mstari wa Biblia. Swali langu kwako leo: je, ni chakula unachokikataa, au ni mtu? Wiki hii usitume salamu kupitia kwa mtu. Piga simu mwenyewe. Mwombe akufundishe kitu anachokijua na wewe hukijui. Na kama ulimwaibisha mbele ya watu, mheshimu mbele ya watu hao hao.

Tuombe. Baba, tusamehe kwa kulitumia Neno lako kujifichia. Turudishe pale tulipoangukia, na utupe ujasiri wa kupika, kupakua na kusema "nisamehe." Waguse watoto walio mbali, na uwafundishe wazazi kupiga simu. Katika jina la Yesu.

Kama umeomba nami, andika Amina. Na kabla hujalala leo, piga ile simu.