Lililoziba Sinki la Koplo

Koplo mmoja wa polisi alikuwa akifanya kazi Busia, kwenye kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa rasmi mwaka 2018. Mkewe na watoto walikaa Tororo, pamoja na binti wa marehemu dada yake aliyekuwa akisomeshwa hapo. Kila mwisho wa juma Koplo alirejea na samaki wa Majanji, akawaparua magamba yeye mwenyewe katika sinki, kwani hakuridhika na mkono wa mtu mwingine.

Jumamosi moja alikuta sinki limejaa maji meusi yasiyoshuka, na jiko zima linanuka. Fundi aliyeitwa alikwisha kupokea malipo ya kwanza, asionekane tena. Koplo akapandwa na hasira.

"Ni huyu binti," akasema. "Anamwaga ugali humu. Jumatatu atarudi kijijini kwa bibi yake."

Binti hakujibu. Aliendelea kuosha vyombo uani, kichwa kimeinama.

"Baba watoto," mkewe akasema kwa upole, "tufungue kwanza. Hukumu hufuata ushahidi. Wewe mwenyewe hutufundisha hivyo."

Koplo alitaka kumimina dawa kali ya kuzibulia. Mkewe akamzuia, maana dawa hiyo ikibaki bombani yaweza kumrukia machoni yule atakayefungua. Wakayachota maji kwa kikombe, wakaweka ndoo chini ya sinki. Hapo chini pana bomba lililopinda mfano wa herufi U. Halikupindwa kwa urembo: maji yanayobaki katika pindo hilo huzuia hewa chafu ya mtaro isipande jikoni. Nati zake mbili zilifunguka kwa mkono, kinyume cha mwendo wa saa. Bomba lilikuwa na ufa, na mipira yake imekauka.

Koplo akaligonga juu ya ndoo. Likatoka donge moja la mafuta yaliyoganda, nalo limeshikamana kwa magamba ya samaki. Ugali haukuwamo.

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akaenda dukani kununua bomba jipya na mipira yake. Alipoanza kukaza nati kwa spana, mkewe akamtahadharisha kwamba nati za plastiki hupasuka. Nguvu ya mkono yatosha. Wakafungulia maji, wakapitisha karatasi kavu kwenye maungio. Haikulowa.

Wapo watu wenye mashine ya kusagia mabaki ndani ya sinki, iliyobuniwa mwaka 1927 na John W. Hammes, msanifu majengo wa Racine, Marekani. Hata hiyo huchakaa, na mafuta huziba bomba lake vilevile. Kwa nyumba nyingi za mpakani dawa ni nyepesi zaidi: kichujio katika tundu la sinki, mafuta yafutwe sufuriani kabla ya kuosha, na mabaki yatiwe shimoni yawe mbolea.

Jioni ile Koplo alimwita binti mbele ya watu wote wa nyumba.

"Mwanangu, nilikosea. Nisamehe."

"Yamekwisha, Mjomba."

Jumatatu binti alivaa sare, akaenda shule. Siku hizi samaki huparuliwa uani, juu ya gazeti kuukuu, na magamba huzikwa chini ya migomba. Anayewaparua ni Koplo.