Inavuja au Inafurika?

Nilipofika nyumbani kwa likizo mwezi wa Aprili mwaka 2009, nilikaribishwa na harufu ya petroli hata kabla ya kukaribishwa na mama. Wenyeji walikwisha kuizoea. Pikipiki ya baba ililala sebuleni, kama zilalavyo pikipiki nyingi huku kwetu kwa hofu ya wezi, na chini yake palikuwa na kopo la mafuta ya kupikia lililokinga matone. Tone moja, kimya, kisha jingine. Kila asubuhi baba aliyachuja matone yale kwa kitambaa na kuyarudisha tangini, kisha akaenda zake shuleni kufundisha. Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Kwetu haba na haba ilijaza kopo na kulipunguza tangi.

Ilikuwa pikipiki ya Kijapani, yenye injini ya sentimita za ujazo 125 na tangi jekundu lililochujuka rangi. Baba aliinunua mwaka 1991. Ilikuwa imembeba katika njia zote zitokazo Khayega, kupanda hadi Shinyalu na kuukaribia msitu wa Kakamega, wakati wa vumbi na wakati wa tope. Sisi watoto tulimfananisha mkongwe yule na lile jiwe la Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu, ambalo watu husema hulia kwa sababu ya maji yanayotiririka usoni mwake. Ulikuwa mzaha wa nyumbani na baba aliucheka pamoja nasi.

Mama hakucheka. Mnamo tarehe 31 Januari mwaka ule, lori la mafuta lilikuwa limepinduka huko Sachangwan, karibu na Molo. Watu walikimbia na madebe na mitungi kuteka petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu mia moja wakaangamia. Tangu siku hiyo mama alikuwa akipima kwa macho umbali uliokuwepo baina ya kopo la baba na koroboi ya dada yangu mdogo, aliyekuwa darasa la nane na akidurusu hadi usiku wa manane katika sebule ile ile.

Tofauti ya mafuta hayo mawili sikuijali hata siku ile. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka kwa urahisi mpaka yapate joto. Petroli huutoa hata katika baridi ya alfajiri. Na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini ukapotelea mbali, bali hutambaa sakafuni, ukajikusanya pembeni, ukangoja. Usiku wa tatu wa likizo yangu kalamu ya dada iliviringika chini ya meza. Akaichukua koroboi, akainama nayo hadi sakafuni kuitafuta. Mama alipiga ukelele ambao sijausikia tena maishani. Dada akaganda. Hakuna kilichowaka. Mama alimnyang'anya ile taa, akaizima, na humo gizani akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Baba watoto, kesho ama itoke pikipiki, ama nitoke mimi na watoto."

Asubuhi nikajitolea kuitengeneza. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Kiswahili na katika maisha yangu nilikuwa sijawahi kufungua hata plagi. Nikashuka hadi kwa fundi mmoja pale Khayega, nikamkuta amelala chali chini ya pikipiki ya bodaboda.

"Fundi, shikamoo. Pikipiki ya baba inavuja petroli."

"Marahaba, kijana wa Mwalimu. Inavuja au inafurika?"

Nilibaki kimya. Juma moja tu lililotangulia nilikuwa nimeandika insha kuhusu uhusiano wa kimaana baina ya vitenzi, nami nikapata alama nzuri. Kuvuja, kutona, kutiririka, kufurika: ningaliweza kuvichanganua vyote kwa ufasaha, ila sikujua ni kipi kilichokuwa kikitendeka nyumbani kwetu. Fundi aliniona nimekwama. Akasema kinachovuja kina ufa, basi utafute ufa. Kinachofurika hakina ufa wowote, ila mlinzi wa mlango amelala. Katika kabureta, alinieleza, mna boya linaloelea juu ya petroli. Petroli ikipanda, boya nalo hupanda na kusukuma sindano izibe tundu la kuingilia. Sindano ikiwa imechakaa, au chembe ya kutu ikikaa tunduni, petroli huendelea kuingia hadi itokee katika kijibomba chembamba kilicho chini. (Yeye alisema "floti" na "nido"; mimi ndiye ninayeandika boya na sindano. Wenzangu mnaounda istilahi, msipite gereji bila kusimama.)

"Na koki mnaifunga usiku?"

Nilimjibu kuwa koki ile haikuwa imefungika tangu nilipokuwa kidato cha pili. Iligandishwa na kutu ikiwa wazi. Fundi aliguna, akaniandikia katika kipande cha katoni: koki, mpira futi moja, klipu mbili, chujio dogo.

Nikaisukuma pikipiki hadi chini ya mparachichi, mbali na jiko la mama, injini ikiwa baridi. Nikalimimina tangi lote ndani ya mtungi, nikaupeleka mtungi kivulini, nikafunga koki mpya mahali pa ile kuukuu. Mpira wa zamani niliuacha kwa muda, kwani nilitaka kwanza kumjua mkosaji. Nikapangusa kila kitu kikauka, nikasaga chaki mbili za baba na kuupaka unga wake juu ya mpira na kabureta. Kisha nikarudisha petroli kidogo, nikafungua koki, nikachutama kutazama. Unga mweupe hausemi uongo. Mstari wa kwanza wa unyevu ulichora njia yake mwishoni mwa mpira, palipokuwa na ufa mwembamba kama unywele. Baada ya dakika chache, tone likaning'inia kwenye kijibomba cha chini. Ilikuwa ikivuja na pia ikifurika.

Mpira ulikuwa kazi ndogo. Kabureta ndiyo iliyonitoa jasho. Nilifunga koki, nikalegeza skrubu nne, kikombe cha chini kikashuka na petroli yake yenye tope la kutu. Hapo ndipo baba alipotoka nje. Nilimpa kile kijipini kinachoshikilia boya, chembamba kama kijiti cha kiberiti, nikamwomba anishikie. Alikipokea katika kiganja, akakisogeza karibu na uso, akakisogeza mbali, kisha akakitafuta kwa kidole cha mkono wa pili kama atafutaye kitu gizani.

"Baba, hukioni?"

Alikawia kujibu. "Hii kazi nilikuwa nikiifanya mwenyewe kila mwaka," akasema. "Mwaka huu nilijaribu mwezi wa Januari, hicho kikaniponyoka. Nilikitafuta nyasini saa nzima, nikikipapasa tu. Nilipokipata nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, nikaweka kopo."

Sikuweza kuinua uso. Nilikuwa nikiwaza njia ya Shinyalu, kona zake, watoto wa shule wanaotembea kandokando, na mzee huyu akiipita kila siku kwa mazoea. Nikaisafisha sindano na tundu lake kwa kitambaa safi, nikapuliza, nikarudisha boya, nikachukua kijipini kiganjani mwake. Tukakaza skrubu. Baba akafungua koki kwa mkono wake. Nilikuwa nimetandaza gazeti kuukuu chini, tukakaa tukilitazama kwa muda wa nusu saa, hadi mvua ya alasiri ilipoanza kuvuma upande wa msituni. Gazeti lilikuwa kavu.

"Mama yako anataka sukari kutoka Khayega," baba akasema. Akatoa ufunguo mfukoni, akanipa, kisha akazunguka, akapanda nyuma.