Nyamaa, Tusikie!

Shangazi yangu hakujua Kihindi hata cha kununulia chumvi, wala mimi. Lakini siku ile, miaka ya sitini mwanzo mwanzo, tuliingia sinema ya Regal hapa Mombasa kutazama Mughal-e-Azam, na kati yetu aliketi jirani aliyekulia ua mmoja na Wahindi. Ndiye aliyekuwa mfasiri wa safu nzima. "Mfalme akataa." "Mwanawe asema hamuwati." Mabuibui yote yalimwinamia yeye.

Filamu karibu yote ilikuwa nyeusi na nyeupe. Kisha Anarkali, mcheza ngoma wa ikulu ambaye mwana huyo hamuwati, akasimama katika ukumbi wa vioo mbele ya mfalme Akbar, na rangi zikafumka ghafla, tukaguna sote. Jirani akafungua kinywa afasiri. Shangazi akamfinya paja: "Nyamaa, tusikie!"

Maneno hatukuyajua, na hakuna aliyepotea. Kwa mazungumzo, msichana yule hakuwa na ruhusa ya kumjibu mfalme. Kwa wimbo alimjibu yote, na sura yake ikatapakaa kwenye vioo vya dari hata mfalme akakosa pa kugeuzia macho. Nyuma yangu mtu alikuwa akilia kwikwi. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba niliyemwona ni Madhubala lakini niliyemsikia ni Lata Mangeshkar, na muziki ni wa Naushad. Sikuona kama nimedanganywa. Kwetu pia bibi harusi hukaa kimya akaimbiwa yaliyo moyoni mwake.

Wako wasemao nyimbo zile zilikuwa za kurefusha filamu tu. Labda wao wakati huo walikuwa nje wakinunua njugu.

Na nyimbo hazikubaki sinema. Juma Bhalo alipoimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, sisi tulioziona filamu tulisikia mara mbili: maneno yake, na kilio cha yule wa kwenye pazia. Shairi la watu wawili tu likawa na ikulu nyuma yake.

Mwaka 2004 Mughal-e-Azam ilitolewa upya, yote imetiwa rangi. Mjukuu wangu aliniwekea, tafsiri ikipita chini kwa maandishi. Tulipofika ukumbi wa vioo nilingoja rangi zifumke, kumbe zilikuwapo tangu mwanzo. Wimbo ulipoanza, nilinyanyuka nikayaziba yale maandishi kwa upindo wa leso.