Daftari la Mizunguko Sita

Jumapili moja binti yangu alishiriki mashindano ya baiskeli nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Yalikuwa mashindano ya ridhaa: mizunguko 6 ya kilomita 4, kwa baiskeli zisizo na gia, zile zile tunazobebea maji na mkaa. Nami nilisimama penye mstari na saa ya mkononi, nikiandika daftarini muda wa kila mzunguko. Laiti ningeishia kuandika.

Mzunguko wa kwanza aliumaliza kwa dakika 8 na sekunde 30, akiwatangulia wote. Msichana mmoja mwembamba alitumia dakika 9 na sekunde 20, nikamcheka moyoni. Nikapaza sauti, "Kaza, mwanangu! Usiwangoje!" Naye, kwa kuwa tumemlea kutii, akakaza. Mzunguko wa pili ukawa 8.50, wa tatu 9.20, wa nne 9.50. Kadiri alivyochoka ndivyo nilivyozidi kupiga kelele, kana kwamba sauti ya baba ni uji. Katika mzunguko wa tano yule mwembamba akampita. Wangu alimaliza kwa dakika 57 kamili; mwenzake kwa dakika 55 na sekunde 45.

Njiani nililaumu mnyororo, nikalaumu na vumbi. Binti hakusema neno.

Usiku nikafungua daftari. Mizunguko minne ya kwanza ya yule mshindi ilikuwa 9.20 kila mmoja; kisha 9.15, na wa mwisho 9.10. Wangu alikuwa ametumia nguvu zake kama mtu alaye nyama siku tano za mwanzo wa mwezi. Maana katika nchi tambarare adui wa mwendesha baiskeli ni hewa. Ukiongeza mwendo kwa sehemu moja ya kumi, nguvu ya kuisukuma hewa huongezeka kwa karibu theluthi nzima. Sekunde uziokoazo mwanzoni huzinunua kwa bei ya ulanguzi. Tena anayetangulia hukata upepo peke yake, na wanaomfuata karibu hujikinga nyuma yake.

Hata mabingwa hawakusalimika. Mwaka 1972, mjini Mexico City, Eddy Merckx wa Ubelgiji aliendesha kilomita 49.431 kwa saa moja. Alianza kwa kasi iliyozidi wastani wake, akiwania pia rekodi za kilomita 10 na 20. Rekodi ya saa aliipata, lakini hakuijaribu tena maishani. Huyo alikuwa Merckx. Mwanangu alikuwa na baiskeli ya mkaa na baba mwenye kelele.

Asubuhi nilimwonyesha daftari. Akalitazama, kisha akasema kwa upole, "Baba, tangu mzunguko wa pili nilijua nimezidisha. Lakini ulikuwa unaniita."

Mama yake, aliyekuwa akipepeta mchele, akainama zaidi juu ya ungo.

Nilimwomba radhi, jambo ambalo marehemu baba yangu hakunifanyia hata mara moja. Sasa anafanya mazoezi kila Jumamosi, naye amenipa ruhusa ya kuhudhuria kwa sharti moja: apitapo nitaje muda wa mzunguko tu, nisiongeze neno. Jumamosi iliyopita alipita kwa 9.25, kisha 9.25, kisha 9.24. Nilizitaja namba hizo nikiwa nimeushika mdomo wangu kwa mkono.