Safari ya Temeke na Mdogo Wangu

Tulitoka Bunju saa kumi na moja alfajiri, mimi na mdogo wangu, mtoto wake wa mwisho kalala begani mwangu. Miaka yote niliyoishi Dar es Salaam sikuwahi kukanyaga mahakamani, na yeye vilevile. Mkobani alibeba hati ya baraza la usuluhishi la kata, iliyoeleza kwamba suluhu imeshindikana. Kwa kawaida shauri la talaka halifunguliwi bila hati hiyo.

Mwenge tulibadilisha gari. Kuanzia Ubungo, Barabara ya Mandela ilijaa malori, na Buguruni tukakwama mpaka mtoto akaamka na kuuliza kama tunakwenda kwa baba. Mama yake alimpa andazi. Tulipopita chini ya daraja la Mfugale, ndipo akaniambia alichokificha tangu usiku: "Dada, mume wangu kasema kiwanja kina jina lake, mimi niondoke na nguo zangu."

Temeke kuna Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia. Mahakama ya mwanzo, ya wilaya na Mahakama Kuu ziko pamoja hapo, kwa ajili ya ndoa, mirathi na watoto. Nilitarajia pingu na askari. Nikakuta akina mama wananyonyesha, na wazee wameshika mafaili ya mirathi.

Binti wa msaada wa kisheria alimuuliza mdogo wangu, "Ulichangia nini kwenye nyumba?"

"Sikuchangia. Sikuwa na kazi."

Jibu hilo liliniuma kuliko maneno ya mumewe. Huyu ndiye aliyechota maji ya kufyatulia matofali akiwa na mimba ya miezi sita! Aliyepikia mafundi, akauza vitumbua ili siku za kukosa mshahara watoto wapate kula. Binti yule alimsikiliza, kisha akamweleza kwamba kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinataja mchango wa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu ya nyumba, kwa kuwa ilionekana alitapanya fedha alizopewa na mumewe za kuanzishia biashara. Kwa hiyo, alisema binti, kazi ihesabiwe na ithibitishwe. Nani alikuona?

Kuhusu watoto hakumpa ahadi rahisi. Aliye chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa bora akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa. Ustawi wa mtoto ndio hutangulizwa. Mtoto wake mwingine, wa miaka kumi na moja, anaweza kuulizwa anapenda kukaa wapi. Na baba bado anadaiwa matunzo, hata watoto wakilala kwa mama.

Tukarudi na jua la saa nane. Mdogo wangu alinunua daftari la kurasa arobaini na nane, akaanza kuandika garini, mwandiko ukitetemeka kila tuta: mapipa ya maji, majina ya mafundi, bei ya unga wa vitumbua. Karibu na Tabata akaacha kuandika.

"Dada, utakuja useme uliniona?"

Nikamwambia aandike jina langu kwanza kabisa.