Kibuyu cha Kogo

Nyumbani kwetu, nje kidogo ya Kapsabet, sifa za mbio zilikuwa za wanaume. Baba alikua akisimuliwa jinsi Kipchoge Keino, Mnandi mwenzetu, alivyomwacha Jim Ryun nyuma kule Mexico mwaka 1968, naye akatusimulia sisi mpaka tukazikariri mbio zile mzunguko kwa mzunguko. Dada yangu alitushinda mbio wavulana wote, lakini kasi yake iliishia kufukuzia ndama.

Agosti 2008, Pamela Jelimo, binti wa Nandi wa miaka 18, alishinda mita 800 mjini Beijing kwa dakika 1:54.87. Hakuna mwanamke Mkenya aliyekuwa amepata dhahabu ya Olimpiki kabla yake.

Kogo, mama yake baba, aliposikia kwamba Jelimo atakaribishwa mjini, alitoa kibuyu chake. Akachoma kijiti cha mti wa senetwet, akasugua nacho ndani mpaka kuta zikawa nyeusi, akamimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa, akakifunga ili mursik, maziwa ya mgando ya kupokea washindi, iive.

"Mama, kumbe hata wasichana wanapokewa hivi?" baba akauliza, nusu mzaha.

"Kwani aliyekimbia ni nani?" Kogo akajibu bila kugeuka.

Siku yenyewe tulibanana kando ya barabara. Bodaboda zilipambwa kwa matawi, honi zikalia, akina mama wakapiga vigelegele. Msafara ukapita, Kogo akabaki ameinua kibuyu. Dada akachomoka peku kuyafuata magari, akarudi baadaye akihema, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kogo akafungua kibuyu, akampa yeye anywe kwanza. Baba akasubiri zamu yake.

Kesho yake ndama walifukuzwa kama kawaida. Ila shule zilipofunguliwa, baba alimnunulia dada raba za mtumba. Dada hakufika mbali kwenye mbio. Leo ni mwalimu, na jioni hupiga filimbi uwanjani akiwafundisha wasichana kukimbia.

Aliyebadilika hasa ni baba. Kule Paris mwaka 2024 Kenya ilipata dhahabu 4, na 3 kati ya hizo zililetwa na Beatrice Chebet na Faith Kipyegon. Kipyegon alipoondolewa kwenye matokeo ya mita 5,000, mzee aliigombeza televisheni kwa Kinandi kisichoandikika, mpaka medali ya fedha iliporudishwa. Kisha akampigia dada simu kumsimulia mbio ambazo dada alikuwa amezitazama mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho.